Kadi za Lugha ya Mama

Kiswahili kilimtoka mama kidogo kidogo, jinsi watu wanavyochomoka kanisani kabla ibada haijaisha: mmoja, kisha wawili, bila kuaga. Yalianza kupotea majina ya vyombo. Akawa anasema "nipe ile ya kuchota" na kuashiria upawa. Zikafuata siku za wiki, halafu majina ya majirani. Kufikia mwaka wa pili wa ugonjwa wake alikuwa amebaki na lugha moja tu, Kikuyu cha kwao Dundori, na mimi mwanawe wa pekee, niliyeacha kazi kuja kumtunza, sikuijua lugha hiyo.

Najua mtu wa Nakuru atashangaa. Uzaliwe Bondeni, ukulie Bondeni, usijue Kikuyu? Nilijua cha sokoni: kusalimia, kuuliza bei ya viazi, kutukana kidogo. Lakini nyumbani kwetu hakikuingia. Baba alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi, na ndoa yao haikupendwa kwao baba wala kwao mama. Walipopata chumba Bondeni wakakubaliana kwamba hakuna lugha ya upande wowote itakayovuka mlango. "Hii nyumba ni ya Kiswahili," mama alizoea kusema, na nikileta neno nililookota kwa watoto wa jirani, alinitazama hadi nikalimeza. Baba alikufa nikiwa msichana mkubwa. Mama hakubadilisha sheria. Wawili tuliobaki tuliendelea na Kiswahili chetu.

Miaka mingi nilifanya kazi Naivasha, kwenye shamba la maua. Nilikuwa nasimama kwenye meza ndefu ndani ya jengo lenye baridi, napanga waridi kwa urefu wa shina. Nilikuwa na ndoa, ikaisha bila mtoto na bila kelele. Jirani wa mama aliponipigia kuniambia amemkuta barabarani na kanga moja, akiuliza njia ya Dundori, nilifunga virago nikarudi kwenye nyumba niliyozaliwa, nikiwa na miaka arobaini na sita.

Daktari alinieleza kwa upole. Ugonjwa huu, alisema, huanza kufuta kilichoandikwa mwisho. Kiswahili mama alikijua akiwa mtu mzima. Kikuyu alikinyonya. "Usishangae akirudi huko," alisema, "na usimlazimishe kutoka."

Sikumlazimisha. Ila sikuwa na namna ya kumfuata.

Siku iliyonifundisha adabu ilikuwa ya jua kali, mwezi wa pili, vumbi la Nakuru likipenya hadi kwenye sukari. Mama alikuwa kitandani. Akanishika mkono akasema, "Nyoota."

Nikacheka. Nilifurahi kusikia neno ninalolijua. "Nyota, mama? Nyota mchana huu? Ngoja jioni, nitakutoa nje uzione."

Akasema tena, "Nyoota," akinivuta. Nikampigapiga mkono. Nikamwambia jioni haiko mbali. Akasema mara ya tatu, akaacha, akageukia ukuta. Nilikaa nikijiona mtoto mwema. Nilidhani amekumbuka utoto wake huko juu milimani, ambako mbingu iko karibu.

Jua lilipotua nilimtolea kiti nje, nikamkalisha, nikamfunika blanketi magotini. Nikamwonyesha juu kwa kidole. Jirani yetu wa chumba cha pili, muuguzi wa zahanati fulani mjini, alikuwa anafungua kufuli lake akitoka kazini. Alimsalimia mama kwa Kikuyu, na mama akamjibu kwa sauti iliyokauka. Yule mwanamke aliweka mkoba chini.

"Umempa maji saa ngapi?" aliniuliza.

"Maji?"

"Anasema ana kiu. Anasema amekuambia tangu mchana."

Nakumbuka kikombe, na mama akinywa kwa mikono miwili, maji yakimtiririka shingoni, na mimi nikisimama pale nikiwa nimejaa aibu kama mwizi aliyeshikwa. Alipomaliza vikombe viwili alimshukuru muuguzi. Mimi hakunitazama.

Usiku ule nililia, lakini asubuhi nilikuwa na uamuzi. Nilibisha kwa muuguzi kabla hajaenda kazini, nikamwambia nataka kujifunza Kikuyu, na nataka kisinitoke. Nilikuwa nimejaribu mwanzoni kuandika maneno kwenye daftari. Niliyajua jioni, asubuhi yameenda. Nilianza kuogopa kwamba ugonjwa wa mama umenishika na mimi.

"Daftari haiwezi," alisema. Akanionyesha simu yake. Alikuwa anajifunza Kijerumani, apate kazi ya uuguzi huko Ujerumani, na maneno yote aliyaweka kwenye kadi ndani ya simu. Upande mmoja swali, upande wa pili jibu. "Ukijua neno, app inalificha siku tatu. Ukilijua tena, inalificha wiki. Halafu mwezi. Inakurudishia tu ukiwa karibu kusahau. Ukikosa, unaanza chini. Hivyo ndivyo linakaa."

"Nipe basi hiyo yako."

"Angalia zote kwanza," alisema. "Mimi nilibadilisha mara tatu, na kila nikihama nilipoteza maneno yangu. Chagua moja, ukae nayo."

Kwa hiyo kwa juma zima, mama akilala baada ya chakula cha mchana, nilikaa mlangoni penye mtandao mzuri nikichagua programu jinsi mtu anavyochagua mchumba.

Ya kwanza ilikuwa ya rangi nyingi na muziki. Ilinipa alama kwa kufungua tu. Ilikuwa na Kifaransa, Kikorea, na lugha nyingine ambazo sijawahi kumsikia mtu akizisema. Kikuyu hakikuwepo. Hata hivyo ilinitumia ujumbe siku tatu mfululizo kuniuliza mbona nimeitoroka.

Ya pili ilikuwa na kadi za Kikuyu zilizotengenezwa tayari na mtu asiyejulikana. Nilishukuru Mungu, nikaanza. Neno la kwanza lilikuwa uwanja wa ndege. La tano lilikuwa waziri. Nilipitia kadi sitini bila kukuta mgongo, wala uji, wala choo. Mama yangu hakuwa na haja na waziri.

Ya tatu ilikuwa nzuri kwa macho, na iliahidi kusoma kwa sauti neno lolote utakaloandika. Niliandika maneno manne, nikaiweka karibu na sikio la mama. Mashine ikasoma kama mtalii aliyeshuka sasa hivi. Mama aliitazama simu kwa huruma, akaniambia kitu ambacho muuguzi alinitafsiria jioni: "Huyo mtoto ni mgonjwa?"

Nikaishia kwenye ile ya muuguzi. Ilikuwa mbaya kuitazama, ya kijivu, kama fomu ya ofisi ya serikali. Haikunipongeza, wala haikunipigia muziki. Lakini ilifanya kazi hata bila mtandao, iliniachia nitengeneze kadi zangu mwenyewe, na ilikubali sauti ya mtu yeyote nitakayemrekodi. Pia iliniruhusu kuzitoa kadi zangu zote na kuzihifadhi mahali pengine, ili siku simu ikiibwa, maneno yasiende nayo. Chini ya kila kadi kulikuwa na vitufe vya kujipima: umekosa, ilikuwa ngumu, sawa, rahisi.

"Hakuna mtu anakusimamia hapo," muuguzi alinionya. "Ukijidanganya, ni wewe. Ukikosa, bonyeza umekosa."

Ilibaki kutafuta sauti. Yeye mwenyewe alijitolea, lakini alikuwa na zamu mbilimbili, na Kikuyu chake, alisema, ni cha watu wa siku hizi. "Tafuta mtu wa umri wa mathe, mama yako. Hana dada?"

Alikuwa naye. Mdogo wake mama, anayeishi Dundori kwenye shamba la wazazi wao. Nilimwona mara mbili maishani, mara zote kwenye mazishi. Niliomba namba kwa mtu wa kanisa lao, nikapiga, nikajitambulisha.

"Njoo Jumamosi," alisema kwa Kiswahili. "Vaa sweta."

Muuguzi alikaa na mama siku hiyo. Dundori ilikuwa na ukungu saa nne asubuhi, na udongo mwekundu ukanishika viatu tangu lango. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko la kuni, anamenya viazi. Nilishtuka kumwona. Uso ulikuwa wa mama, lakini ukiwa na akili ndani yake.

Nilimwita mama mdogo. "Kwetu ni tata," alisema. "Anza na hilo."

Nikamweleza kuhusu simu na kadi. Alisikiliza bila kuacha kumenya. Halafu akaniuliza, "Na wakati alikuwa na akili zake, mbona hukumwomba akufundishe?"

"Alikataa."

"Uliomba?"

Nilitafuta jibu la kweli. "Nilipokuwa mtoto," nikasema. "Nikiwa mkubwa, sikuomba."

Akaitikia kwa kichwa, si kwa ubaya. "Na mimi sikushuka Bondeni kumwona. Ni mwendo wa saa moja tu. Kila mtu alingoja mwenzake." Akafuta mikono kwa leso. "Haya, leta hiyo simu."

Tulirekodi hadi saa tisa. Alikuwa anasema kila neno kwa kelele, kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde, na nyuma yake ng'ombe alikuwa analia, kwa hiyo hadi leo kadi yangu ya neno "mto wa kulalia" ina ng'ombe ndani. Baridi. Maumivu. Geuka. Pole. Nishike. Nimeshiba. Usiogope. Nilipoomba namna ya kusema "niko hapa", aliisema mara mbili, ya pili kwa sauti ya chini, na sikuthubutu kumwomba arudie kwa kelele. Alinifungia viazi na maziwa ya chupa. Miguu yake ilikuwa imevimba, hangeweza safari. Aliniomba nimsalimie dada yake, kisha akasema, "Lakini atanijua?"

Nilijifunza vibaya mwanzoni. Kwa tamaa nilijiwekea maneno ishirini kwa siku. Wiki ya kwanza nilitembea Bondeni nikijiona msomi. Wiki ya nne mama alipata homa ya mapafu, tukalazwa siku tisa, na nilipoifungua tena programu ilikuwa inanidai kadi mia mbili na kitu. Nilikaa jikoni nikibonyeza umekosa, umekosa, umekosa. Nilitaka kuifuta yote.

Muuguzi alicheka nilipomwonyesha. "Hata mimi ilinipata. Punguza. Tano kwa siku zinatosha. Na toa yale maneno hasemi." Ndiyo siku nilipoanza kumsikiliza mama kwa kweli. Badala ya kumpelekea maneno, nilingoja aseme, nikaandika kwa kusikia, nikamuuliza tata kwa simu, ndipo nikatengeneza kadi. Nilifuta nusu ya zile nilizokuwa nazo. Kila asubuhi, maji ya kumwosha yakipata moto, nilipitia kadi zangu nikiwa nimesimama, nikinong'ona. Yalianza kukaa. Siku nne, siku kumi, siku ishirini na tano. Neno lililokuwa likinikwepa lilirudi baada ya mwezi nikalikuta bado liko mahali nilipoliacha, na furaha yake siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hajaona mtu mzima akisahau mlango wa choo.

Ila tulikuwa tunapishana njiani. Mimi nilikuwa naingia kwenye Kikuyu na yeye alikuwa anaanza kutoka. Sentensi zake zilifupika. Nilijifunza "chai ina sukari?" na juma lililofuata hakujua tena chai ni nini.

Muuguzi alipita mtihani wake wa Kijerumani, akaondoka mwezi wa nane. Alinikumbatia mlangoni, mama akampungia mkono bila kujua anamuaga nani. Chumba chake kilichukuliwa na mtu anayerudi usiku na kutoka alfajiri, ambaye sikuwahi kujua sura yake. Kwa miezi, watu niliozungumza nao walikuwa mama, tata kwenye simu, na sauti ya tata kwenye kadi. Wanawake wa kanisa walikuja mwanzoni. Ugonjwa mrefu huwachosha wageni. Kuna siku niligundua saa kumi jioni kwamba sijatamka neno la Kiswahili tangu kuamka.

Wakati huo mama alikuwa ananiita mũgeni. Hilo halikuhitaji kadi, ni mgeni tu, karibu lilelile. Aliniita kwa heshima sana. Mũgeni, keti. Mũgeni, umekula? Nilikuwa nimejifunza lugha yake ili anijue, na alichopata ni mgeni wa kuzungumza naye. Mara nyingine nilijiambia kwamba hata hilo ni zawadi, kwa sababu hapo kabla nilikuwa mtu asiyeelewa kitu, anayemwinua na kumlaza. Mara nyingine sikuweza kujiambia lolote.

Alasiri moja nilikuwa namchana nywele. Mvua ilikuwa imepita, mabati yanadondosha maji. Akaniuliza, kwa Kikuyu, polepole, mama yangu mimi yuko wapi.

Nataka nieleze kilichotokea. Sikutafsiri. Kwa mara ya kwanza maneno hayakupitia Kiswahili kwanza, yaliingia moja kwa moja kama maneno ya mtu na mamake. Nilielewa yote, na nikatamani nisingeelewa. Nikashikilia chanuo.

"Arĩ mũciĩ," nikasema. Yuko nyumbani.

Akaitikia kwa kichwa akiridhika. Akasema basi nisikawie, kiza kitaingia, na mama hawezi kulala mtoto akiwa bado nje. Nikamwambia sitakawia. Akasema mimi ni mtoto mwenye adabu, naongea vizuri, ila naongea kama mtu aliyetoka mbali. Nikamwambia ni kweli, nimetoka mbali. Nikamaliza upande wa kushoto, nikamfunga kitambaa.

Tulipata mazungumzo matatu au manne ya aina hiyo, yasizidi. Mwanzo wa mwaka uliofuata aliacha kusema kabisa. Kadi niliendelea nazo, kwa sababu sikujua asubuhi ianzeje bila hizo. Nilimwambia maneno yangu hata kama hakujibu. Geuka, mama. Maji haya ni ya moto. Usiogope. Alikufa wakati wa mvua ndefu, saa tano asubuhi, nikiwa nimemshika mkono na kumwambia niko hapa, kwa namna ile ya sauti ya chini.

Tata alisema azikwe Dundori, na hakuna aliyepinga. Walinipa nafasi ya kusema. Nilikuwa nimeandaa Kiswahili, lakini nilipowaona wale wazee wote wa kwao, waliomjua msichana ambaye mimi sikumjua, nikasema kwa Kikuyu. Dakika mbili hivi. Nilikosea neno, mzee mmoja akanisahihisha kwa sauti kutoka nyuma, watu wakacheka kidogo, kicheko cha huruma, nami nikalirudia likiwa sawa. Tata alilia hapo, si kabla.

Nilirudi Naivasha. Walinipa meza ileile, na mashina ni yaleyale, sentimita arobaini, hamsini, sitini. Wasichana wa siku hizi wanaongea Sheng tangu asubuhi hadi kengele, wananiita mathe, na wakiniuliza mbona nanong'ona nikiwa foleni ya chakula, nawaambia nasali. Kadi zangu ni mia tatu na kumi na mbili. Nyingi zimefichwa kwa miezi mingi. Siku hizi naonyeshwa tatu, nne. Kuna siku hakuna hata moja, na programu inaniandikia kwamba nimemaliza kwa leo, na nabaki nimeshika simu.

Jumapili jioni nampigia tata. Hataki Kiswahili tena nami, na nikikwama ananingoja. Ananiuliza nimepika nini, kama Naivasha kuna upepo, kama nimevaa vizuri kazini kwenye ile baridi ya maua. Nami namuuliza miguu. Maneno yakituishia tunanyamaza, kila mtu na simu sikioni, yeye huko juu kwenye ukungu wake na mimi chumbani kwangu, hadi aseme ng'ombe hajakamuliwa. Basi tunaagana, ninapakua chakula, nakula.